Cherehani Atafutiwa Nyumba

Mbele ya kibanda cha fundi Pindo kuna benchi refu la mbao, na juu ya benchi hilo hakuna jambo la dunia hii ambalo halijawahi kuamuliwa. Kulia hukaa Redio, kinyozi, mtu anayekata nywele kwa mkono na watu kwa ulimi. Kushoto hukaa Mwanasheria, ambaye sheria hakuisomea popote. Zamani alishinda kesi moja ya kuku, basi jina likamganda. Mama Birika anasimamia kahawa, na kwa kuwa kahawa ni yake, humnyamazisha anayemtaka. Katikati, mgongo kwenye mlango wa kibanda chake, ndipo anapokaa Pindo mwenyewe, tepu ya kupimia shingoni. Na chini ya benchi, siku hiyo, alikuwapo mbwa kafungwa kamba: kijana, mwekundu, masikio makubwa kuliko akili, miguu haitulii hata akilala. Pindo alimwita Cherehani.

Mbwa hakuwa wake. Daktari wa mifugo, mteja wake wa makoti ya kazini, ndiye aliyemwokota barabarani kaumia, na kwa kuwa vizimba vyake vilikuwa vimejaa, akamwambia Pindo: kaa naye, fundi, huku tukimtafutia mtu wa kumfaa. Wakatafuta, wakatafuta, na sasa daktari alikuwa amechoka kungoja. Alasiri hiyo angekuja. Akikuta mtu kapatikana, heri. Asipokuta, Cherehani anarudi kizimbani, nyuma ya nondo, akasubiri huko na wenziwe wanaobweka usiku na mchana.

Kwa hiyo kijiwe kilikuwa na kikao kizito. Na Pindo alikuwa kanuna tangu asubuhi, maana mkewe alimwambia huku akimmiminia chai:

— Baba watoto, mpe yule wa mikate. Mbwa keshamchagua mwenyewe, wewe unazungusha nini?

Chai ile aliiacha mezani.

Yule wa mikate alikuwa mgeni mtaani. Alipita kila alasiri na baiskeli, kreti la mikate nyuma, akapiga kengele, akauza mguu mmoja ukiwa chini na mwingine kwenye pedeli, akaondoka. Watu wakamwita Kengele. Sasa, kabla binadamu yeyote hajaisikia kengele hiyo, Cherehani alikuwa keshasimama, mkia unapiga mbao za benchi pa! pa! pa! Na Pindo, anayempikia uji wa mifupa, anayemtoa kupe kwa mkono wake, yeye mkia huo aliupata akishika bakuli tu. Bakuli likiisha, na mkia umeisha. Ilimuuma. Tuseme ukweli, aliona wivu, wivu ule wa kumfanya mtu mzima ashindwe kutia uzi kwenye sindano.

Mwanasheria akagonga kikombe.

— Tuendelee na kikao. Kanuni ni ileile. Anayemtaka mbwa aje akae nasi hapa mpaka kahawa yake iishe. Mbwa akitulia miguuni pake, ndiye.

— Kanuni safi, — Redio akasema. — Haraka haraka haina baraka. Mtu atulie, mbwa atulie.

— Mama mwenye nyumba za kupangisha si alikuja?

— Alikuja. Hakufika nusu kikombe, mtandio wake ukaonekana mtaroni.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — Mwanasheria akasema kwa uchungu, maana aliyeinama kuutoa alikuwa yeye.

— Na mwalimu mkuu mstaafu?

— Weee! — Redio akasema. — Yule alipiga ukelele mmoja, "Keti!" Wateja wangu waliosimama wote wakaketi. Mama Birika akaketi juu ya ndoo. Aliyebaki wima ni mbwa peke yake.

Wakacheka. Pindo alicheka kupita wote, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya tepu. Kila mtu aliyeshindwa na mbwa huyu alimtia raha asiyoweza kuisema mbele za watu.

— Tatizo si watu, — Redio akasema. — Tatizo ni asili yake. Huyu alikuwa mbwa wa askari. Nimeambiwa na mtu wa uhakika.

— Nani?

— Mtu. Walimfukuza kazi. Wakimtuma amkamate mwizi, anampita mwizi, anakwenda zake.

— Porojo! — akasema Mwanasheria. — Huyu ana mioyo miwili. Mbwa wa namna hii wapo. Mmoja ukichoka, mwingine unapokea zamu. Ndiyo maana hatulii.

— Umeiona wapi hiyo mioyo?

— Weka sikio ubavuni pake.

Redio akaweka sikio. Cherehani akamlamba uso mzima, kuanzia kidevu hadi kipara.

— Nimesikia mitatu, — Redio akasema akijipangusa.

— Mioyo gani! — Mama Birika akadakia. — Huyu anakula machicha ya kahawa kwenye ndoo yangu. Wewe ukila machicha ya kahawa ya siku nzima utalala? Tutakukuta juu ya bati.

Jambo lilikuwa likimwasha Pindo, akajaribu kulimeza, likapanda tena.

— Nyinyi mnazungumza mioyo, — akasema. — Hamjiulizi yule Kengele kwa nini kwingine kote anapiga kengele mara moja, na akifika hapa kwangu anapiga mara mbili?

Benchi zima likamgeukia. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo, maana hakuna aliyekuwa amekaa kuhesabu kengele za mwanamume mwenzake.

— Anamwita, — akanong'ona Redio.

— Ndiyo ninavyosema mimi! Anamwita mbwa wa watu.

— Na kwenye mkate anatia kitu. Mbwa hampendi mtu bure.

— Hamjamwelewa yule, — Mwanasheria akasema, akavuta miguu juu ya benchi kama mtu anayetaka kutoa hukumu. — Mpango wake ni mkubwa. Anamfunga mbwa mbele ya baiskeli. Hapo hapigi tena pedeli. Mkate unafika mitaa yote kabla ya jua. Maduka ya mikate yanafungwa. Tunabaki naye yeye tu.

— Kisha anapandisha bei!

— Kisha anagombea uongozi. Picha ukutani: yeye na mbwa. Na sisi tutampa kura, kwa ajili ya mbwa.

— Mimi simpi, — Pindo akasema, na hakuwa akitania.

Mama Birika akaweka birika chini, akashika kiuno.

— Fundi, wewe unaona wivu.

— Mimi? Wivu? Wa mtu anayenuka hamira?

— Wivu, baba. Nimeolewa mara mbili, naujua hata ukikohoa tu.

— Kikulacho ki nguoni mwako, — Redio akasema akionyesha suruali ya Pindo, ambayo upindo wake wa kushoto ulikuwa umetafunwa na Cherehani ukaisha.

— Basi na iwe wivu! — Pindo akafoka. — Nani alikesha naye akilia? Nani alimkanda na maji ya moto? Mtu anapita na baiskeli yake, tiri tiri, hajui hata mbwa analalia ubavu gani, ndiye anapokelewa kwa shangwe! Nampeleka kwa yeyote. Kwa yule, thubutu! Na isitoshe hajui kukaa. Mmewahi kumwona akikaa? Kanuni ni kanuni.

— Ni kanuni, — Mwanasheria akakubali. — Asiyekaa hapewi.

Hapo mkia ukaanza. Pa! pa! pa! Kikombe cha Redio kikaruka. Cherehani akachomoka uvunguni, kamba ikakaza, benchi zima na watu wake likasogea mbele kiasi cha unyayo, kahawa ikamwagika mapajani. Ndipo wao nao wakaisikia: tiri-tiri.

Kengele alikuwa mtu mwembamba mwenye unga kwenye nyusi. Leo alishuka. Akaiegemeza baiskeli ukutani, akaja mbele ya benchi, mikono nyuma.

— Shikamooni.

— Marahaba, — wakaitika, kila mmoja na sauti yake ya mashaka.

— Nimesikia daktari anamchukua mbwa leo. Nikasema nije niulize, kama hamjapata mtu.

— Kaa, — Mwanasheria akamwonyesha nafasi. — Kunywa kahawa. Mbwa akitulia, tutaongea.

Kengele akatazama benchi. Akamtazama mbwa, aliyekuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, kamba imemkaba, ulimi nje.

— Samahani, wazee wangu. Kwani huyu hakimbii?

— Hakimbii, — Pindo akajibu upesi, kwa furaha ya mtu aliyepata pa kumkamatia mwenzake. — Amri ya daktari. Asikimbie mpaka mguu upone. Ungekuwa unamjua, ungelijua hilo.

— Pole yake. Mguu upi?

— Mguu wa mbele huu, — Redio akasema. — Wa kushoto.

— Wa nyuma, — Mwanasheria akasema. — Kulia. Nakumbuka kitambaa.

— Si ulikuwa mkia? — Mama Birika akauliza.

Wote wakamgeukia Pindo. Yeye ndiye aliyekuwa akiufunga mguu huo kila jioni, siku zile za mwanzo, kwa vipande vya kitambaa cha makoti ya daktari, akiupulizia kama wa mtoto. Akatazama miguu ya Cherehani. Yote minne ilikuwa ikikanyaga vumbi, tap tap tap tap, hakuna unaobagua mwenzake. Akapiga magoti. Akashika wa mbele, akabonyeza. Mbwa akamlamba sikio. Akashika mwingine. Akashika wa nyuma, akaukunja, akaunyoosha, akatafuta kovu ndani ya manyoya, akarudi tena wa kwanza. Hakuuona. Ulikuwa umepona zamani kiasi hicho, na yeye alikuwa bado anafunga kamba.

Hakuna aliyecheka. Hata Redio alitazama pembeni.

— Kutoka nyumbani tunatembea, — Pindo akasema akiwa bado kapiga magoti. — Asubuhi tunakuja, jioni tunarudi. Taratibu.

— Ndiyo, mzee, — Kengele akasema kwa upole, na upole huo ulimchoma Pindo kuliko matusi.

Pindo akataka kufungua kamba shingoni mwa mbwa. Fundo lilikuwa limekaza, limekuwa gumu kama kokwa. Akalivuta kwa kucha, akalivuta kwa meno. Likakataa. Akaingia ndani ya kibanda akatoka na mkasi wa kitambaa, ule ambao mkewe mwenyewe haruhusiwi kuukatia hata uzi wa gunia, akaikata kamba.

Cherehani hakuelewa mara moja. Alibaki palepale anaruka, kana kwamba bado amefungwa. Kengele akapanda baiskeli, akakanyaga pedeli. Ndipo mbwa akaondoka.

Jamani! Alikwenda mpaka mwisho wa mtaa, tumbo karibu na ardhi, masikio yamelala mgongoni, akaipita baiskeli, akageuka, akaizunguka, akaipita tena. Kuku wakapanda ukuta. Mwanamke wa dirisha la juu akapiga vigelegele bila kujua ni vya nini. Kengele anacheka huku mikate inarukaruka kwenye kreti. Pindo alisimama na kipande cha kamba mkononi. Muda wote aliokaa na mbwa huyu, hakuwahi kumwona akikimbia, na aliyemwonyesha ni mtu wa mikate. Wivu haukumtoka. Ulimpanda hadi machoni.

— Mpaka sasa hajageuka kukutazama, — Redio akasema. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyoumbwa.

— Namwona.

— Nyamaza wewe, — Mama Birika akamkemea kinyozi. Akainamisha birika kwenye kikombe cha Pindo. Likatoa matone, kisha machicha. — Fundi, daktari yule anakuja, koti lake naliona pale kona. Tumwambieje?

— Mwambie kapata nyumba.

— Ipi?

Pindo akaonyesha mtaa kwa mkasi. Mbwa na baiskeli walikuwa wakirudi, vumbi nyuma yao, wakapita mbele ya benchi kama upepo, wakaenda upande wa pili.

— Mwite basi, — Mwanasheria akasema. — Mwite mara moja, tuone kama bado anakujua.

— Simwiti.

— Unaogopa hatakuja?

— Naogopa atakuja.