Mkungu wa Theodule

Benchi la Ma Odilie, muuza kakao na maandazi, linatazama ghuba ya Anse Palourde, lakini asubuhi hiyo Virgil aliliketia kinyume: mgongo baharini, uso kwenye sufuria ya kakao. Hapo ghubani kina huporomoka karibu kabisa na ufuko, nanga peke yake haishiki. Yoti ngeni hutia nanga ya mbele, kisha mwenye mashua wa hapa huipokea kamba ya tezi, ile ya nyuma, na kuifunga kwenye mti wake nchi kavu. Kila mwenye mashua ana mti wake. Solveig, yoti ya Wanorwe, ilikuwa ya mnazi wa Virgil kila msimu. Leo ilikuwa imefungwa kwenye mti wa mkungu wa Theodule.

— Geuka uone, Virgil, alisema Redio, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hazimwi. Jamaa kashapanda juu. Anakunywa kahawa yao.

— Kikombe cha bati au cha udongo?

— Cha udongo. Kina maua.

Virgil misimu yote walimpa cha bati.

— Mkungu ule umetiwa kitu, alisema Nusupapa, ambaye hudai papa alimla nusu ya kigimbi, ila suruali hapandishi. Haba na haba hujaza kibaba. Kila usiku alikuwa anamwagia mizizi ramu.

— Theodule amwage ramu? alisema Redio. Labda aikojoe!

— Basi yule mama wa Kinorwe kampenda. Krismasi iliyopita si alimfumia mtoto wa Theodule kofia ya sufu?

— Sufu, joto lote hili?

— Mapenzi yana kipimajoto, kaka?

— Wangu hakufumiwa hata soksi, Virgil alisema.

Hilo ndilo lililokuwa likimla tangu Krismasi. Desturi ni kuipokea yoti nje ya rasi, na Virgil alikuwa ameapa kwamba safari hii hatoki. Wamtafute wenyewe.

— Mi nawaambia wamekuja kupima ghuba, alisema Redio. Hamkuona walivyozunguka, tena na tena, honi juu? Ramani hiyo! Mwakani tutaamka bahari imeuzwa.

— Walikuwa wanaturingia, alisema Nusupapa. Honi ya maringo naijua mimi.

— Ndiyo maana upepo ulipowasukuma kwenye miamba nikasema, haya, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!

— Ngamani ndiyo wapi? aliuliza Ma Odilie.

— Si hapohapo miambani, mama.

— Na nyie mkakaa mnatazama, mpaka Theodule akapiga makasia peke yake kuwafuata.

— Kiherehere chake!

Nesi mpya wa zahanati, aliyehamia hapa Jumapili, alikuwa amesimama pembeni akingoja andazi lake lipoe.

— Samahanini, wakubwa. Ile honi, walikuwa wanamwita nani?

Redio alizimika. Nusupapa akakuna kigimbi, cha mguu ambao si ule wa siku zote. Ma Odilie alitazama chini ya benchi, kwenye kamba ya Virgil ya kupokelea yoti, iliyoviringwa vizuri, kavu. Virgil akaisukuma ndani kwa kisigino.

— Kakao imebaki, Ma Odilie?

Ma Odilie aliinamisha sufuria, wote wakaona chini pakavu.