Kama Hajasomea, Asomeshwe

Wazazi wenzangu, wakubwa kwangu shikamooni, wadogo hamjambo. Nitaongea nimesimama, maana nikikaa nitalia, na leo sikuja kulia.

Binti yangu ana usonji. Zamani hilo neno sikulijua. Nilijua tu haongei, haniangalii, na kelele zikizidi anajigonga kichwa ukutani. Kule mlimani Nkoaranga nilikoolewa wakasema nimewaletea mkosi. Mume wangu akaniambia, "Afichwe ndani, au uondoke naye." Nikambeba mgongoni, nikashuka naye mlima. Nikapanga chumba mjini, Sombetini, nikawa nafulia watu nguo.

Alipofikia umri wa shule nikampeleka. Haukupita muda mwalimu wake, binti mdogo tu, akaniita. Mkononi ana alama za meno ya mwanangu, machozi yanamtoka. "Mama, nampenda huyu mtoto, ila sijasomea. Sijui nimfanyeje." Mwalimu mkuu akaniamuru nimrudishe nyumbani.

Ndugu zangu, nawaambia, nilitembea kama mtu aliyefiwa. Halafu njiani nikasimama ghafla. Hajasomea? Kumbe mwenye kasoro si mwanangu! Kama hajasomea, si asomeshwe? Mbona wauguzi wanasomeshwa?

Nikawatafuta akina mama wenye watoto kama wangu, hapa Sakina na kule mlimani. Tukaenda nao ofisi ya elimu, watoto na sisi. Afisa akasema, "Mama, siku hizi mambo ni soko huria. Tafuteni shule za binafsi."

Nikamuuliza, "Mzee, kwani hawa ni watoto wa nchi gani?"

Mtoto mmoja akapanda mezani, mwingine akaanza kupiga mayowe. Afisa akafoka, "Watulizeni basi!"

"Walimu unao wewe," nikamwambia. "Tuletee anayejua kuwatuliza."

Tukarudi tena na tena, mpaka akalifikisha ombi letu wizarani.

Serikali ikamsomesha yule mwalimu chuo cha elimu maalumu. Aliporudi, akampokea tena binti yangu darasani, akamfundisha kwa picha. Jioni moja mwanangu akaniwekea kiganjani picha ya kikombe. Anaomba maji! Nilimpa huku nacheka peke yangu kama mwehu.

Mwalimu, asante, usijifiche huko nyuma. Asanteni akina mama mliosimama na mimi juani. Hata wewe afisa, asante, mwishowe ulisikia. Lakini mwalimu mmoja kwa watoto wote hawa hatoshi. Wewe uliyemfungia wako ndani, mfungulie mlango, mvishe nguo nzuri. Jumatatu tunakwenda kudai mwalimu wa pili.