Mkasi Mmoja wa Nyamilembo

Risala ya watumishi na wakunga wa jadi wa Zahanati ya Nyamilembo kwa mgeni rasmi, siku ya kufungua wodi ya wazazi, Septemba 1996. Imesomwa na Teodora Nkwabi, mhudumu wa afya.

KARIBU

Mgeni rasmi, shikamoo. Sisi watumishi watatu na wakunga wa jadi watano tunakukaribisha Nyamilembo. Umefika, nasi tumefurahi, ingawa furaha yenyewe imechoka kidogo, maana tumekungoja miezi kumi na tatu. Risala hii tumeiandika fupi kwa makusudi. Sababu tutaisema mwishoni.

TULIKOTOKA

Kwa miaka kumi na sita akina mama wa hapa wamejifungulia kwenye chumba cha sindano, chenye kitanda kimoja na pazia. Wakija wawili, mmoja hulala chini kwenye mkeka. Wananchi walifyatua matofali na kubeba mchanga kutoka ziwani, Serikali ikatoa mabati, na wodi hii ya vitanda vinne ikakamilika Agosti mwaka jana. Ofisi ya wilaya ikaagiza isitumike mpaka mgeni rasmi aifungue. Tukafunga utepe mwekundu mlangoni, tukakaa kusubiri.

Tarehe ya kwanza iligongana na uchaguzi. Ya pili, mvua ilikata barabara ya kutoka Buswelu. Ya tatu ilikuwa Mei, mwezi wa msiba wa meli, na hata ungekuja usingekuta mtu wa kukuimbia, maana nasi tulikuwa na watu wetu majini. Kwa hayo hatukulaumu. Utepe wa kwanza ulipauka kwa jua. Wa pili uliliwa na mbuzi aliyewekwa kwa ajili ya chakula chako. Mbuzi huyo amezaa mara mbili tangu tuanze kukungoja, na hakuna aliyemwandikia barua.

TULIYOYAFANYA

Chanjo ya surua imewafikia karibu watoto wote wa vitongoji vyetu vinne. Wakunga wa jadi, ambao zamani walikuwa wakitukwepa, sasa ndio wanaotuletea akina mama mapema, tena wengine wanawabeba. Haya yote yanasimamiwa na muuguzi mkunga mmoja, Renatha Bagenda, ambaye hajaenda likizo kwao Bukoba kwa miaka mitatu. Ukimuuliza atakwambia yuko salama. Usimwamini.

YANAYOTUCHOSHA

Siku hizi za soko huria, duka la dawa pale barabarani lina kila kitu, na kabati letu lina funguo tu. Mama anakuja na wembe wake, pamba yake na glavu zake, na asiye navyo tunamsitiri kwa tulichonacho. Sangara wa hapa hufuatwa na gari la barafu mpaka mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, lakini mama akizidiwa hupandishwa baiskeli hadi Buswelu, ndipo tuanze kutafuta gari la kwenda mjini. Tumelisema hili katika kila taarifa ya mwezi. Tumechoka kulisema, na tunadhani wasomaji nao wamechoka kulisoma.

Lakini leo tunataka kusema jambo moja ambalo halimo katika taarifa yoyote.

Juni mwaka huu, siku ya kupima watoto, walikuja akina mama wawili wenye uchungu. Mmoja alipata kitanda. Wa pili, Ng'washi, mke wa Mihayo mvuvi, alilala kwenye mkeka. Kutoka pale chini, kupitia dirishani, aliuona mlango wa wodi. Akauliza, "Dada, kile chumba chenye kitambaa chekundu ni cha nani?"

Renatha akamjibu, "Cha mgeni."

"Na mgeni naye anajifungua?"

Renatha alikuwa akikimbia kati ya pazia na mkeka. Mtoto wa Ng'washi alizaliwa akiwa hai, akalia mara moja, akanyamaza. Hatusemi kwamba kitanda kingemwokoa. Tunasema tulikuwa na vitanda vinne, hatua ishirini kutoka pale, na tulitii. Hilo ndilo kosa letu, na linatuuma mpaka leo.

Julai walipokuja tena wawili kwa pamoja, Renatha hakuuliza mtu. Alikwenda mlangoni na mkasi wa kukatia kitovu, akakata utepe, akarudi kuuchemsha mkasi upya. Wakunga walimshika mama wa pili, mhudumu alileta maji. Tangu siku ile wamezaliwa humo watoto kumi na mmoja, na wote wako hai. Kila tuliposikia ofisi inakuja, tulitandika vitanda na kuufunga utepe. Mgeni rasmi, ukiutazama kwa karibu utauona mshono. Tuliushona wenyewe.

TUNAYOOMBA

Renatha ameandikiwa barua ajieleze kwa nini alitumia jengo kabla ya uzinduzi, na ameambiwa kwamba baada ya sherehe hii atahamishwa. Gari tumeliomba miaka yote. Leo hatuombi gari. Tunaomba barua hiyo ifutwe, na Renatha abaki. Kama ni lazima mtu ajieleze, tumejieleza sote hapa, mbele ya wananchi.

Ombi la pili ni dogo. Kokugonza, mke wa Mwalimu Jovitus, yuko ndani ya wodi tangu asubuhi, na utepe tumeufunga yeye akiwa ameshaingia. Anajitahidi asipige kelele ili asiharibu sherehe. Tunakuomba hotuba uitoe baadaye. Na huo mkasi ulioko kwenye sinia, juu ya kitambaa cheupe, ndio pekee tulio nao. Ukishakata utepe, tafadhali usiuweke mfukoni kwa kumbukumbu. Mkabidhi Renatha, amesimama hapo kushoto kwako. Maji yanachemka.

Mungu akulinde katika safari yako ya kurudi, na awalinde wanaoanza safari yao humu ndani leo.

Ni sisi, watumishi na wakunga wa jadi,
Zahanati ya Nyamilembo.