Kazi ya Vitalia Kinunda Ilikuwa Kazi

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yenu iko jikoni, punguzeni moto kidogo. Kama iko dukani, mwambieni mteja avumilie. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Matiri, huku milimani Mbinga. Jina lake Vitalia Kinunda. Kazi yake, msaidizi wa kisheria. Narudia: kazi yake. Wapo waliosema ile haikuwa kazi, ilikuwa moyo tu. Leo tutabishana nao.

Vitalia alizaliwa Litumbandyosi, akaolewa Matiri na Bwana Blasius Ndunguru, mkulima wa kahawa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Kwaya ya parokia walimsimamisha mstari wa nyuma kabisa, maana akiwa mbele wenzake walikuwa hawasikiki. Alichuma kahawa, alilima mahindi na maharage kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, kama mama mwingine yeyote wa hapa.

Siku moja mgambo walimfungia jirani yake katika ofisi ya kijiji. Vitalia akaenda, akaketi mlangoni.

"Huyu baba amekosa nini?" akauliza.

"Mwanawe amepiga mtu, amekimbia."

"Basi mkamateni mwanawe. Huyu amempiga nani?"

Wakamwambia aondoke. Hakuondoka. Alikaa pale mpaka jirani akafunguliwa. Wakati huo Vitalia hakujua sheria hata moja. Alijua tu kwamba jambo lile halikuwa sawa, na roho yake haikutulia.

Kwa hiyo shirika moja lilipokuja kutafuta watu wa kufundishwa usaidizi wa kisheria, kijiji kilimtaja yeye. Akaacha kahawa ikiwa imeiva mitini, akaenda Mbinga mjini kusoma. Wakafundishwa ardhi, ndoa, mirathi, na haki za mtu anapokamatwa. Bwana Blasius anakumbuka: "Alirudi anaongea hata usingizini. Nikamwambia, mama Gertruda, kesi hizo si zetu, lala."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tuelewane vizuri hapa. Msaidizi wa kisheria si wakili. Anaelimisha watu, anawashauri, anawapatanisha wanaopatanishika, anamsaidia mtu kuandaa maombi yake na kumwonyesha mlango wa kugonga. Hasimami mahakamani kumtetea mteja. Wala hamtozi mteja wake fedha. Vitalia aliyakubali yote hayo. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kulikubali. Mteja hamlipi, sawa. Basi nani anamlipa? Jibu lilikuwa: hakuna.

Hakuna mshahara. Mradi ukiwepo, nauli ilikuja, na chai ya semina. Mradi ukiisha, nauli ilikuwa kahawa ya Bwana Blasius.

Na kijijini hakuna aliyeamini. Watu walimwona anapanda gari na begi lake, wakasema anakula hela za wazungu. Shemeji zake walimuuliza mbona hajajenga. Siku moja sokoni, mama mmoja aliyewahi kusaidiwa naye alimuuzia nyanya kwa bei ya juu. Vitalia alipouliza, akajibiwa, "Wewe si unalipwa kwa kila kesi?" Alicheka pale sokoni. Nyumbani hakucheka. Gertruda, binti yake mkubwa, anasema siku ile mama yake alikatakata zile nyanya mpaka zikawa uji.

Alidai, wasikilizaji. Naomba hili lishikwe. Katika mkutano mmoja alisimama mbele ya mratibu wa mradi, Bwana Edmund, aliyekuja na gari na dereva.

"Shikamoo, Bwana Edmund," alianza kwa heshima, ingawa mwenzake alikuwa mdogo kwake, na watu wakaguna. "Naomba kuuliza. Na sisi tutalipwa lini?"

"Mama Vitalia, ninyi ni wanajamii. Mnajitolea. Tukianza kulipana mishahara, tutaharibu ule moyo."

"Na wewe wa kwako umeshaharibika?"

Ukumbi wote ulilipuka kwa kicheko. Yeye hakuwa anatania. Alibaki amesimama, anasubiri jibu. Bwana Edmund akatangaza kwamba chakula kiko tayari.

Hapo ndipo Vitalia alipoamua kupanda ngazi mwenyewe. Akaulizia chuo cha sheria. Akaambiwa kile cheti cha mafunzo hakihesabiki, na ile miaka yote ya kuzunguka vijijini haihesabiki. Kinachohesabika ni ufaulu wa kidato cha nne, na wake haukutosha. Akarudia mtihani. Mama mtu mzima, kavaa kitenge, kaketi kwenye dawati katikati ya watoto wenye sare. Watoto walidhani ni msimamizi, wakamwamkia. Akafaulu. Lakini mwaka huohuo Gertruda naye alifaulu kwenda kidato cha tano, na nyumba ile ilikuwa na uwezo wa mtu mmoja. Vitalia akamfungia mwanawe sanduku. Fomu ya chuo akaitia chini ya godoro, akaendelea na safari zake za vijijini.

Gertruda alipomaliza kidato cha sita alimwambia mama yake kwamba anataka kusoma sheria. Walikuwa wanachambua maharage barazani. Vitalia hakumpambia maneno. Gertruda anayakumbuka maneno yale.

"Ukiitaka kazi hii, ijue," alisema. "Ukiwa kama mimi, wa kijijini, hupati kitu. Mashirika yanaajiri, yanalipa vizuri, lakini mradi ukifungwa na wewe umefungwa. Ofisi za mawakili mjini zinachukua wasaidizi. Mwanzoni utabeba mafaili, na kinachobaki baada ya kulipa chumba ni kidogo. Anayepanda ni mwenye diploma, kisha shahada, kisha shule ya uwakili. Ni mlima. Mimi nimepanda nusu, nikakuta wameondoa njia."

"Sasa niache, mama?"

"Nimesema uache? Nimesema ijue."

Nije sasa kwa Hilda. Hilda ni mama wa Lipingo, kule chini ziwani, wilaya ya Nyasa. Mume wake, marehemu Kilian, alikuwa mvuvi. Kilian alipofariki, kabla hata matanga hayajaisha, kaka yake anayeitwa Dastan alichukua mtumbwi na nyavu. Kisha akamtoa Hilda katika nyumba aliyoijenga na mumewe, matofali wakifyatua pamoja. Akamwambia, "Nyumba ni ya ukoo, shemeji. Wewe ulikuja na sanduku, ondoka na sanduku." Hilda alihamia katika banda la kukaushia dagaa la rafiki yake, na watoto.

Lipingo haikuwa eneo la Vitalia. Mradi ulikuwa umekwisha. Nauli ilikuwa hakuna. Alisikia habari hizo kwa mtu wa jumuiya yao ya kanisani, akateremka ziwani. Alimkuta Dastan anashona wavu ule ule wa marehemu. Dastan hakuinua uso.

"Mama, nani amekutuma? Nani anakulipa?"

"Hakuna."

"Basi ngoja nikulipe mimi, urudi kwenu kwenye baridi."

Vitalia alimwambia kuwa mambo ya marehemu yana mahali pake, ni mahakama ya mwanzo. Akamsaidia Hilda kuandaa maombi ya kusimamia mirathi ya mumewe. Dastan akaweka pingamizi. Kisha Dastan akaanza mchezo ule mnaoujua: leo anaumwa, kesho yuko ziwani, keshokutwa shahidi wake amesafiri. Kesi ikawa ya kuahirishwa. Na kila ilipoahirishwa, mwanamke mmoja aliteremka kutoka Matiri na kupanda tena, kwa fedha za kahawa yake.

Mvua za masika zilimkuta na kikohozi. Bwana Blasius alimwambia apumzike. Gertruda alimwambia aende hospitali. "Bima hatuna," akajibu, "na kesi ni wiki hii. Hilda hajawahi kuongea mbele ya hakimu. Nikimwacha peke yake atanyamaza." Alipata lifti ya lori lililo wazi mpaka Mbinga, mvua ikimwagika. Akateremka Lipingo na homa. Walifika mahakamani. Dastan hakutokea. Kesi ikaahirishwa.

Wakati wa kurudi, Vitalia alianguka stendi ya Mbinga. Wasamaria wakamfikisha hospitali, wauguzi wakahangaika naye. Ilikuwa homa ya mapafu, iliyokwisha kukaa sana. Vitalia Kinunda alifariki mumewe akiwa njiani.

Siku ya maziko Matiri ilijaa. Walitoka Litumbandyosi, walitoka Lipingo. Kiongozi mmoja akapewa nafasi, akasema kwa sauti tamu: "Mama huyu alijitolea. Hakuwahi kudai hata senti moja. Tumuige."

Gertruda akasimama. Mashangazi wakamvuta nguo, hakukaa.

"Shikamoo, mzee. Samahani. Mama alidai. Alidai kila mkutano, mimi nikiwa shahidi. Msiseme hakudai. Semeni hamkumpa."

Hakuna aliyepiga makofi, msibani hawapigi. Lakini akina mama waliokuwa wameketi kwenye mikeka waliitikia, "Hewaa!"

Na Hilda? Tarehe ya kesi ilipofika, Hilda alikwenda peke yake. Dastan safari hii alitokea, kifua mbele, akijua yule mama wa milimani hayupo. Hilda anatusimulia mwenyewe: "Dada Vitalia aliniambia, usimwangalie shemeji yako, mwangalie hakimu, na ukisahau maneno anza na matofali. Nikayasahau yote. Nikaanza na matofali." Akaeleza nani alikanyaga udongo, nani alichota maji ziwani, nani alipanga tanuru. Majirani wakathibitisha. Mahakama ikalitupa pingamizi, ikamteua Hilda kuwa msimamizi wa mirathi. Leo yumo ndani ya nyumba yake. Mtumbwi umerudi. Nyavu zimerudi zimechanika, lakini zimerudi.

Gertruda yuko chuoni, anasoma diploma ya sheria. Tulimuuliza kama haogopi. Akasema, "Naogopa sana. Ila nikimaliza, wa kwanza atakayeniambia nijitolee maisha yangu yote, nitamuuliza na yeye analala njaa siku gani."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Bwana Blasius Ndunguru, kwa Gertruda na wadogo zake, kwa ukoo wa Kinunda kule Litumbandyosi, na kwa Hilda na wanawe. Mungu ampokee Vitalia, na atupe sisi aibu kidogo, maana tunaihitaji. Katika kata yako yuko msaidizi wa kisheria. Amekuandikia, amekusindikiza, amekutoa mahabusu. Umewahi kumuuliza amefikaje kwako, na atarudije? Na ninyi mnaopanga bajeti, mnaoandika miradi, mnaoshika kipaza sauti kwenye makaburi yao: kabla hamjatwambia tuwaige, walipeni walio hai.