Mfuniko wa Injinia Emilian

Asubuhi hii kwenye benchi letu pale Mgori, nikiwa namimina kahawa, Emilian alifika na mfuniko wa mzinga aliouunda mwenyewe. Ni fundi baiskeli, ila tunamwita Injinia. Shangazi yake, Rahabu, alimwomba mfuniko unaoonyesha asali bila kufunguliwa, na ambao nyegere hawezi kuuvunja. Nyegere keshamharibia mizinga miwili. Shangazi amebakiwa na mmoja, na leo anaupeleka msituni. Basi Injinia akayeyusha chupa za maji pamoja na dumu la mafuta, akakandamiza katikati ya mabati mawili. Mfuniko ukatoka mweupe kama uji.

— Hapo asali utaiona saa ngapi? akauliza Amosi. Tunamwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Utatakata ukikauka.

— Kwani uliufua?

— Sikiliza, Redio. Chupa inaonyesha, dumu ni gumu. Ukichanganya unapata kigumu kinachoonyesha. Hesabu ndogo tu.

Mzee Alute, yaani Jaji, akaugonga kwa kidole. Pembe yake moja ikadondoka.

— Shikamoo Jaji! Umeua! akasema Redio.

— Marahaba. Mimi nimebisha hodi tu.

Injinia akaificha ile pembe chini ya paja.

— Dumu limekaa na mafuta miaka, Jaji akasema. Yameingia mpaka moyoni. Chupa imezoea maji. Watashikana vipi hao?

— Siyo hivyo, mzee, Redio akadakia. Chupa zimetoka kwenye friji. Ukizitupa motoni ghafla zinapata mshtuko. Huo weupe ndio mshtuko wenyewe.

— Labda nilizidisha chupa, akasema Injinia. Nitaongeza dumu.

— Ongeza na ndala, kaka. Umeona wapi ndala imevunjika?

— Na pembe ya ng'ombe, Jaji akaongeza. Nyegere akinusa ng'ombe, anajua mchungaji yuko karibu.

Mimi nilikuwa nimeokota chembe iliyoanguka. Mahali ilipovunjika palikuwa na vitone vidogo, kimoja kimoja, kama ulezi kwenye tope kavu. Nilipovigusa vilitoka, vikaacha vishimo.

— Kaka Emilian, tazama. Havijashikana. Vimekaa jirani tu.

— Ritha, mimina kahawa.

Nikamimina.

Rahabu akafika akisukuma baiskeli, mzinga nyuma.

— Shikamoo Mzee Alute.

— Marahaba, mwanangu.

Akauinua mfuniko kwenye jua. Hakuona kitu. Akaubonyeza kwa vidole gumba, ukakatika vipande viwili. Hakugomba. Akavipanga benchini.

— Emilian, dumu peke yake, nyegere angelivunja?

— Asingeweza, shangazi.

— Na chupa peke yake, ningeona ndani?

— Vizuri kabisa.

— Mimi nachungulia kwa jicho moja, tundu dogo linanitosha. Sasa uliviyeyusha pamoja kwa nini?

Injinia akamtazama Redio. Redio akamgeukia Jaji. Jaji akaninyooshea kikombe nimwongezee kahawa.

Rahabu akageuka kwangu.

— Ritha, hilo dumu lako lina nini?

— Maji ya kahawa, shangazi.

— Nitakuletea lingine jioni. Nipe na kisu.

Akayamwaga maji yote chini, akaanza kukata mfuniko wenye tundu dogo. Injinia akaenda kutafuta chupa ya kuliziba.