Koti Alipotuwakilisha Mbele ya Tume

Hivi wewe, ungeulizwa mbunge wako apatikane vipi na aondoke vipi, ungejibu nini? Usikimbilie kujibu. Kijiweni kwetu, kwenye ubao uliolazwa juu ya madebe ya rangi mbele ya kinyozi, tulibishana juu ya swali hilo mpaka Tume ya Maoni, ile ya kukusanya mawazo ya watu juu ya sheria za uchaguzi, ilipofika kwenye ukumbi wa shule. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya Shangazi, mwenye birika la kahawa: mbunge akituzungusha, waliomchagua waweze kumtoa kabla muhula haujaisha. Shangazi hakuiokota hewani. Wodi ya kujifungulia mwisho wa mtaa ilikatiwa utepe na mheshimiwa mbunge kwa mbwembwe zote, jioni ikapigwa kufuli, na kufuli lipo hadi leo. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa kwenye ngazi za duka la saruji. Sasa binti yake ni mjamzito tena, na siku zimekaribia. Ungetegemea basi aende Shangazi mwenyewe. Wapi! Wanaume wa kijiweni waliamua kwamba mbele ya Tume mtu haendi hivi hivi, lazima koti. Aliyekuwa nalo ni fundi cherehani, tena la mteja asiyerudi kulichukua. Akaenda yeye, na jina la Koti likamganda. Mimi nilisomea mambo haya ya uchaguzi chuo kikuu. Nilichoulizwa ni kama kaka yangu ana koti.

Jumamosi moja asubuhi, wiki chache baada ya kikao kile, nilikuwa nimekaa pale nikisubiri Koti anifupishie sketi. Waya, fundi redio, na Mzee Jaji walikuwa wameshakaa ubaoni. Spika, yaani kinyozi, alitoka na kitana mkononi.

SPIKA: Mmesikia redio? Tume imemaliza kazi. Eti “wananchi wengi wametaka mabadiliko makubwa.” Wananchi wengi ni nani? Si sisi hao!

WAYA: Sisi tupu. Nimesikia kwa masikio yangu, kwenye redio niliyoitengeneza mwenyewe.

SPIKA: Ndiyo maana ilikuwa inakoroma.

SHANGAZI: Lete kikombe, Koti. Tangu siku ile wewe hapa ni mgeni wangu.

KOTI: Basi, Shangazi, kimoja kinatosha.

SHANGAZI: Unaona haya nini? Umenisemea neno langu mbele ya wakubwa. Kunywa.

Koti akanywa kama mtu anayemeza kidonge.

MZEE JAJI: Mimi nimekuwa tarishi wa mahakama mpaka nikastaafu. Uso wa mkubwa nausoma. Koti alipokuwa anasema, mwenyekiti wa Tume aliinamisha kichwa hivi. Huko ndiko kukubali.

WAYA: Kwani mzee ulikuwa ndani?

MZEE JAJI: Nilikuwa dirishani. Ndani kulijaa, wa kijiweni aliyepenya ni Koti tu.

WAYA: Na sauti ulisikia?

MZEE JAJI: Nani kasema sauti? Nimesema uso!

SPIKA: Uso unatosha. Hata mheshimiwa keshajua. Nimepita nyumbani kwake jana, mapazia yote yametolewa. Anahama huyo.

WAYA: Yamekwenda kufuliwa.

SPIKA: Mtu mwenye amani hafui mapazia yote siku moja.

Kila mtu akalitafakari hilo. Nilitaka kucheka, ila nilimwona Shangazi amesimama na birika lake, ametulia, anaamini. Alikuwa amekwisha kuwaambia wanawake wa sokoni kwamba kufuli litakatwa kabla bintiye hajashikwa na uchungu.

WAYA: Mimi naona Tume isiishie kumtoa huyu tu. Wagombea wote wafungiwe kwenye ile wodi wiki nzima, bila maji, bila taa. Atakayekuwa wa kwanza kupiga kelele, huyo ndiye mbunge. Angalau anajua kulalamika.

SPIKA: Ovyo kabisa. Mbunge wetu achaguliwe na watu wa jimbo la jirani. Hawamjui, hana shemeji kule.

MZEE JAJI: Na sisi tuwachagulie wao?

SPIKA: Ndiyo, tena tuwachagulie mbovu, wapate akili.

MZEE JAJI: Halafu wao watatuchagulia nani, we kinyozi? Kazi hii apewe mstaafu. Mtu mzima, hana tamaa tena.

WAYA: Mtu wa dirishani!

Walikuwa bado wanacheka binti wa Shangazi alipofika kuchukua ufunguo wa nyumba. Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni. Koti alisimama haraka kumpisha, haraka kupita kiasi, kahawa ikamwagikia suruali yake. Binti akakaa, akavuta pumzi, akasikiliza kidogo habari ya mapazia na ya wodi isiyo na maji.

BINTI: Mjomba Koti, kule ukumbini ulisema nini hasa?

SPIKA: Alisema yetu! Moto mtupu!

BINTI: Nimemuuliza mjomba.

KOTI: Nilifikisha, mwanangu.

BINTI: Ulifikishaje? Maneno yenyewe.

SPIKA: Mwambie ulivyopiga meza!

MZEE JAJI: Hakupiga meza. Mbele yake hapakuwa na meza.

Koti alitazama barabarani, akatazama cherehani yake, akakosa pa kukimbilia.

KOTI: Nilikuwa nimeyakariri yote. Njia nzima nayasema. Wakanipa kipaza sauti, nikasikia pumzi zangu ukumbi mzima. Hii! Hii! Kama mbuzi. Kila neno likatoka kichwani.

SHANGAZI: Ukasema nini?

KOTI: Nikasema naunga mkono aliyenitangulia. Nikakaa.

Spika akajaribu kuokoa jahazi.

SPIKA: Si vibaya. Kuunga mkono nako ni maoni. Huenda aliyetangulia alikuwa na hoja kama yetu.

SHANGAZI: Aliyekutangulia nani?

KOTI: Shangazi, mimi nilidhani utasahau...

SHANGAZI: Nani?

KOTI: Katibu wa mheshimiwa.

Shangazi akaliweka birika chini.

SHANGAZI: Yeye alisema nini?

KOTI: Kwamba mbunge akishachaguliwa, watu wamwache atulie. Asiguswe mpaka muhula uishe. Na muhula wenyewe urefushwe.

Binti alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Hakupandisha sauti.

BINTI: Na wewe ukaunga mkono.

KOTI: Nikaunga mkono, mwanangu. Nikampigia na makofi. Ukumbi mzima ukanifuata.