Milimita Tatu za Mzee Isaïe Umba

Tarehe 30 Juni 1957 Mzee Isaïe Umba anastaafu, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya vipimo hapa Kamina kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza mwaka 1926 akibeba vigingi vya reli. Anaondoka akiwa mpimaji ambaye hata wahandisi humuuliza kwa upole. Ni mtu wa mzaha, na mbele ya bukari, ugali wetu wa huku, na samaki wakavu wa Kinkondja hana mshindani.

Nivo yake, ile darubini ya miguu mitatu ya kupimia usawa wa ardhi, ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Ukichungulia ndani, kila kitu kimepinduka: miti, nyumba, watu, vichwa chini miguu juu. Tumeshazoea. Kila kiangazi Mzee aliirekebisha nyumbani kwake, kati ya vigingi viwili, mkewe Mama Salomé akimshikia fimbo ya vipimo.

Jumapili moja ya Julai 1951, baada ya ibada, aliona ndani ya nivo mtu wa pili, kule kwenye mihogo nyuma ya mkewe. Mama Salomé alionekana kichwa chini, kama kawaida. Yule mwingine alisimama wima. Mzee akainua macho: hapakuwa na mtu ila mkewe. Akadhani ni uchovu, akaendelea kuzungusha skrubu ya kurekebishia. Kila mara kosa la nivo lilipopungua milimita moja, yule mtu alikuwa amemsogelea Mama Salomé hatua moja. Zilipobaki milimita tatu, Mama Salomé, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, aliuliza, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao: "Baba Noé, njo nani iko anapumua ku shingo yangu?"

Mzee akafunga nivo sandukuni, na skrubu ile hakuigusa tena. Mkuu wa ofisi alitishia kumfukuza. Mzee akasema yuko tayari. Aliachwa kwa sababu alilipigia hesabu kosa hilo la milimita tatu kwa penseli katika kila kipimo, wala hakukosea hata mara moja. Tulimcheka sana. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, na leo namwomba radhi.

Nivo sasa ni yangu. Wiki mbili zilizopita niliagizwa niimalizie marekebisho. Niliipeleka nyumbani, mke wangu Delphine akashika fimbo, nami nikachungulia mara moja tu. Nyuma yake, karibu sana, alisimama mtu wima. Barua yangu ya kukataa agizo iko mezani kwa mkuu.

Mzee Umba, asante kwa kazi yako yote. Tunawatakia wewe na Mama Salomé, aliyeketi hapa mbele yetu akiwa mzima, mzeeke pamoja kwa amani.

Philémon Mwila, mpimaji